Mwalimu wa Kiti cha Kushoto

Kiatu chake cha kulia kilikuwa kinaisha soli kabla ya cha kushoto. Fundi wa viatu pale karibu na stendi alishazoea. Akimwona Mwalimu anakuja anauliza tu, "Ule mguu wa breki?" na Mwalimu anavua kimoja, anakaa kwenye kibao na soksi nje, anasoma gazeti la jana kama ndilo la leo. Karibu maisha yake yote ya kazi alikaa kiti cha abiria, upande wa kushoto, kwenye gari la kufundishia lenye breki mbili: moja ya mwanafunzi na moja yake. Usukani hakuwa nao. Klachi hakuwa nayo. Alikuwa na ile breki tu, na mdomo.

Mimi ni mmoja wa aliowafundisha. Baadaye nikawa jirani yake pia, kwa sababu chumba nilichopata cha kufungulia biashara ya gemu kilikuwa kwenye ploti iliyopakana na boma lake, hapa Machakos upande wa kupanda kwenda milima ya Iveti. Kwa hivyo nilimjua mara mbili: kwanza kama mtu wa kunifokea, halafu kama mzee wa kuja kuchaji simu kwangu na kukaa asubuhi nzima akisema hana muda wa kukaa.

Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja. Alikuuliza, "Unaona nini?" Ukinyamaza, anakanyaga breki yake, gari linasimama katikati ya barabara, nyuma watu wanapiga honi, yeye ametulia kama yuko kanisani. "Sijakusikia. Unaona nini?" Basi unaanza kuimba: naona mama na kikapu cha kyondo mgongoni, naona bodaboda anataka kuingia bila kuangalia, naona mbuzi.

"Mbuzi anaangalia wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Jua. Akiangalia ng'ambo, anaenda ng'ambo. Huyo hana indiketa."

Kwenye darasa letu kulikuwa na mtawa mmoja, mtu mpole sana, aliyeogopa gari kuliko shetani. Siku yake ya kwanza kwenye usukani akaulizwa anaona nini, akafumba macho, akasema, "Naona neema ya Mungu, Mwalimu." Mwalimu hakucheka. Akamuuliza, "Imepaki ama inatembea?" Sisi tuliokuwa kiti cha nyuma tulikufa kwa kicheko, lakini mtawa akafungua macho, na kuanzia hapo akaendesha vizuri kutushinda.

Mji huu umejaa watu wake. Wanaoendesha malori ya mchanga, wanaopeleka wagonjwa, manesi, wauza maziwa, wote walipita kwenye ile sauti. Wakimwona anatembea kando ya barabara walipunguza mwendo, na haikuwa kwa heshima, ilikuwa woga tu. Yeye mwenyewe alitembea kwa miguu. Gari hakuwa nalo, wala sikuwahi kumwona ameshika usukani. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, upande wa kushoto kila Jumapili, na padri akianza kuhubiri kwa kasi nilimwona kwa macho yangu akikandamiza sakafu na mguu wa kulia.

Halafu kulikuwa na ule ubao wake.

Kila shule ya udereva hapa Kenya iko na ubao wa namna hiyo: meza ya plaiwudi iliyochorwa mji mzima, barabara, raundabauti, kivuko cha miguu, na vigari vya kuchezea unavyovisukuma na kidole huku ukitaja sheria. Ukienda mtihani, askari wa trafiki anakuuliza hapo kwanza kabla hujaingia gari. Wa Mwalimu aliuchora mwenyewe. Shule ilipomstaafisha kwa ajili ya macho, walimpa ubao wake aende nao nyumbani, akauweka barazani, na majirani wakaendelea kumletea watoto wao.

Pembeni mwa ule ubao, mahali ambapo mbao nyingine hazina kitu, alikuwa amejenga kona. Alitumia udongo wa kweli, akauacha ukauke, kufanya ukuta upande wa kulia, na kifuniko cha soda kuwa kalvati, lile daraja dogo la mtaro. Ilikuwa kona ya barabara ya kwenda Masii. Barabara inapita juu ya kalvati yenye nguzo nyeupe, halafu inakata kulia ikizunguka kilima kilichochimbwa. Somo lake la mwisho kwa kila mwanafunzi lilikuwa hapo. Angetoa kigari cheupe, mlango mmoja haupo, akakisukuma taratibu hadi kwenye kifuniko cha soda. Mbele ya kona angeweka kiberiti.

"Hii ni lori ya mchanga. Imeharibika. Dereva hakukata matawi kuweka barabarani nyuma yake. Ni mjinga, tumekubaliana. Lakini ukifika hapa kwa kalvati, mkia wa lori unauona. Ukiuona, unakanyaga, unasimama. Mimi nimepita hapa na wanafunzi miaka yote, magari yakiwa yamesimama mbele, ng'ombe wakiwa mbele, na wote wameona, na wote wamesimama. Huyu hakusimama. Kwa nini?"

Na wanafunzi wote pamoja: "Alikimbia, Mwalimu."

"Alikimbia."

Vigari vingine vilirudi kwenye boksi. Kile cheupe kilirudi mfukoni mwa shati lake.

Nilipomsimulia mama yangu somo hilo aliacha kuchambua mboga. "Huyo ni Kioko," akasema. "Mtoto wao wa pekee. Alimfundisha mwenyewe kuendesha, akapata leseni, na hata mwaka haukuisha." Tangu siku hiyo niliuangalia ule mfuko wa shati kwa jicho lingine.

Mke wake aliitwa Mama Kioko na mji mzima. Kila siku, sokoni, kanisani, kwenye simu: Mama Kioko, Mama Kioko. Yeye Mwalimu hakuna aliyethubutu kumwita Baba Kioko. Hata mkewe alimwita Mwalimu kama sisi. Mama huyo alipenda kukaa barazani akipasua maganda ya mbaazi, sinia mapajani, na wanafunzi walimzoea kama sehemu ya darasa. Lakini kigari cheupe kikitoka mfukoni tu, aliinuka. Alibeba sinia lake akaingia jikoni, na alirudi somo likiisha. Mama yangu alisema kwamba mwanzoni, baada ya mazishi, walibishana sana. Mama Kioko akisema, "Mtoto wangu hakuwa mtu wa mbio," na Mwalimu akijibu, "Kalvati iko pale, nenda uangalie." Yule mama hakujua kuendesha. Angeangalia nini? Mwishowe wakaacha kubishana. Wakabaki wanakaa nyumba moja, huyu na mtoto wake aliyeonewa, na huyu na mtoto wake aliyekimbia.

Sasa niseme kuhusu gemu yangu, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki.

Mimi ni mtu wa ndoto, sifichi. Shule nilifika nilipofika. Lakini nilikuwa na kiti cha gari la Probox lililokufa, nikakifunga kwa bolti kwenye mbao. Nikatafuta usukani wa kompyuta, ule unaosukumana na mikono yako kama wa gari la kweli, na pedali zake, na televisheni kubwa mbele. Vijana wa chuo wakaanza kuja. Ndoto yangu ilikuwa ni kushindana kwenye ligi za mtandaoni na watu wa nchi za mbali, gari langu limeandikwa MACHAKOS ubavuni. Kilichobaki kilikuwa hedseti, ile miwani mikubwa ya kuvaa kichwani ambayo inakuweka ndani ya gari lenyewe, ukigeuza shingo unaona mlango, ukiinama unaona pedali.

Mwalimu aliidharau hiyo kazi kwa moyo wake wote. Alikuja kila asubuhi kuidharau.

"Huyu sasa ameanguka kwa mtaro," alisema siku moja, akimwangalia mteja wangu kwenye televisheni. "Atafanya nini?"

"Anafinya hapa, Mwalimu, anaanza tena."

"Anaanza tena."

"Ndiyo."

Akaiangalia ile batani kwa muda mrefu. "Hii kitu mngetuletea mapema," akasema, akaondoka bila simu yake.

Macho yalikuwa yanamwisha. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba yanajifunga kutoka pembeni kwenda katikati, na kwamba dawa zinachelewesha tu. Tayari alikuwa anagonga bega kwenye miimo ya milango. Ukimpa chai ilibidi uiweke mbele yake kabisa, ukiiweka kando haipo. "Niko ndani ya bomba," alikuwa akisema. "Bomba refu. Na kuna mtu anaendelea kulikaza."

Aliyekuwa anauza hedseti za mitumba nilizoweza bei yake alikuwa kijana wa Syokimau anaitwa Denno. Kwao ni Masii. Denno alikuwa na wazimu wa namna yake: alitengeneza barabara za gemu. Siku moja nikamwambia Mwalimu, kupiga hadithi tu, kwamba Denno ametengeneza barabara ya kutoka Machakos hadi kwa nyanya yake Masii. Aliitembea na simu mkononi, akarekodi kila mahali, akapima na kamba.

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni. Akarudi, akakaa.

"Na kalvati?"

"Anasema zote."

"Na ile ukuta ya udongo, upande wa kulia?"

"Sijui, Mwalimu. Nafikiri."

Halafu akasema, "Si unataka kununua hiyo miwani? Twende na mimi. Ukienda peke yako utaletewa takataka. Wewe unapenda kitu yoyote iko na taa."

Tulimkuta Denno kwenye chumba kilichojaa nyaya hadi kitandani.

"Niaje, Mwende! Na huyu buda ni nani?"

"Mwalimu wangu."

"Wa gemu?"

"Wa gari," Mwalimu akajibu. "Ile iko na matope."

Denno alinipenda mteja wake lakini alimpenda Mwalimu zaidi, kwa sababu Mwalimu aliuliza maswali. Aliuliza kwa nini mtu asiridhike na televisheni. Denno akamweleza kwamba televisheni ni kama picha ukutani, sogeza kichwa upendavyo, picha ni ile ile. "Lakini hii, mzee, ukiegemea, unaona nyuma ya kitu. Kama kwa gari. Kichwa yako ndio kamera." Mwalimu akamwambia arudie hapo. Akarudia.

Zilikuwa hedseti mbili. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, haina waya, na dirisha lake pana, kiasi kwamba mpinzani akija ubavuni unamwona kabla hajakupita. Kwa mtu wa mbio ndiyo yenyewe. Nilishaivaa na moyo wangu ulishaenda. Ubaya wake, picha ilikuja laini, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Ya pili ilikuwa nzito, ina waya mnene wa kwenda kwa kompyuta, na dirisha lake jembamba. Pembeni ni giza tupu. Lakini katikati ilikuwa kali, unasoma namba za spidi bila kukaza jicho. Ilikuwa na nafasi ya kuvalia miwani ya kawaida ndani, na kijigurudumu cha kusogeza vioo vilingane na macho ya mtu.

Mwalimu akavaa ya kwanza. "Naona rangi," akasema. "Rangi na ukungu. Ni Limuru hapa?"

Akavaa ya pili. Denno akawa anazungusha kijigurudumu. "Sema ikikaa fiti, mzee."

"Bado. Rudisha. Kidogo. Hapo!" Akatulia. Mikono yake ikanyanyuka yenyewe ikashika hewa. "Naona sindano ya spidi. Naona redio. Kuna vumbi kwa dashibodi. Nani ameweka vumbi?"

"Ni mimi," Denno akasema, kwa fahari.

"Mwalimu, hiyo ni nyembamba sana," nikajaribu. "Ni kama kuangalia kwa bomba."

"Mimi niko ndani ya bomba tayari, mwiitu. Hii angalau imeoshwa."

Alisema hivyo akicheka, akiniita binti kwa Kikamba, na hakuniomba kitu. Aliivua akaniwekea mkononi pamoja na ile nyingine, akasema chagua, ni biashara yako. Nilichagua nzito. Nilijiambia waya si shida kwa mtu anayekaa kwenye kiti, na wapinzani wa ubavuni nitawasikia kwa injini. Tukitoka, Mwalimu akageuka mlangoni.

"Kijana. Unaweza kuweka lori kwa hiyo barabara yako? Imesimama. Baada ya kona ya kalvati."

"Naweza. Ya rangi gani?"

"Rangi haijalishi."

Alikuja asubuhi moja wateja wakiwa bado chuoni na mabati hayajapata moto. Nilikuwa nimeosha sponji la hedseti nikalianika. Alipoingia alisimama upande wa kushoto wa kile kiti cha Probox, kama anayengoja mlango, hadi nikamwambia, "Mwalimu, ni huku." Akakaa nyuma ya usukani. Nilimvalisha juu ya miwani yake, nikakaza mkanda polepole kichwani mwake penye nywele chache. Chochote alichokiona, mimi nilikiona kwenye televisheni.

Kwanza alikuwa kama mtoto sikukuu. Aliendesha taratibu mno, akijifundisha mwenyewe kwa sauti. "Naona duka la mbolea. Naona daraja dogo. Naona huyu kijana amesahau matuta ya shule, nitamwambia." Akacheka. "Mwende, umeniingiza ndani ya ubao! Miaka yote nikiuangalia kutoka juu."

Alipofika kwenye nguzo nyeupe za kalvati akasimamisha gari.

"Unaona nini, Mwalimu?" nikamuuliza, nikimwiga sauti.

"Udongo."

"Na nini?"

"Udongo. Lori iko?"

"Iko. Denno aliiweka jana, nilihakikisha."

"Basi ameiweka mbali. Haionekani." Na akaegemea kushoto kutazama, mwili wote, vile mtu anavyorudi kwenye mkao aliouzoea. Kwenye televisheni mkia wa lori ukachomoza nyuma ya udongo, wazi kabisa. Akakaa wima. Ukapotea. Akaegemea tena. Ukatokea. Wima, udongo. Kushoto, lori. Alifanya hivyo mara nyingi, na mimi kicheko kiliniisha kabla sijajua kwa nini.

Kabla barabara haijatiwa lami kona ile haikuwa imechimbwa, kilima kilikuwa mbali. Ilipochimbwa, yeye alikuwa ameshahamia kiti cha kushoto. Hajawahi kupita pale akiwa upande wa dereva. Kutoka kwenye kiti chake kalvati ilionyesha kila kitu. Alikuwa ameona kweli.

Akavua hedseti mwenyewe. Miwani yake ilitoka nayo, ikabaki inaning'inia sikio moja.

"Na wale wote waliosimama?" akasema. Hakuwa ananiuliza mimi. Aliinua mguu wake wa kulia kidogo, akakiangalia kile kiatu. "Ni huu. Mimi nikiona, mimi nikikanyaga. Gari inapunguza, wao wanafikiri wameona." Nikakumbuka siku yangu pale kalvati, vile gari lilivyopunguza mwendo nikajisifu moyoni kwamba nina jicho.

"Wote nilikuwa nawashikia breki," akasema. "Kioko alikuwa peke yake."

Nilitafuta neno la kumsaidia. Nikasema, "Mwalimu, lakini hii ni gemu tu. Denno alipima na kamba."

Akalidaka kama mtu anayezama. "Ni kweli. Ni gemu. Kamba hupinda."

Kwa hivyo tukaenda kwenyewe, na Probox ya mjomba wangu, saa ambazo barabara imelala. Nikasimamisha gari kwenye kalvati. Nikakata matawi, nikayaweka nyuma na mbele, yeye akisimamia ("Mbali zaidi! Hapo unaonya nani, siafu?"). Halafu akakaa kiti cha dereva, injini imezimwa, nami nikatembea kupita kona hadi mahali aliponielekeza, nikasimama ukingoni nimeinua leso yangu nyekundu kwa mikono miwili.

"Unaniona?" nikapaza sauti.

"Bado!"

Upepo ukaivuta leso. Nikangoja. Nikasikia mlango unafungwa, halafu mwingine, na nikajua amezunguka gari akipapasa boneti, amekaa kushoto.

"Unaniona, Mwalimu?"

Nilipomrudia nilimkuta analia bila sauti, mguu wa kulia umekandamiza zulia la gari ambapo hakukuwa na pedali yoyote. Tulipima kwa hatua zangu tofauti kati ya anapoanza kuona dereva na anapoanza kuona wa kushoto. Haikuwa kubwa, kama urefu wa gari moja na kidogo. "Hicho kidogo," akasema, "ndicho niliwaambia wakanyagie."

Alimwambia Mama Kioko siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimemshika mkono kumpandisha barazani, kwa hivyo nilikuwepo, ningependa nisingekuwepo. Mama alikuwa na mbaazi zake.

"Mama Kioko."

"Mm."

"Kwa kiti cha dereva kalvati haionyeshi. Tumetoka huko. Nimeona kwa ile mashine ya Mwende na nimeona na macho."

Vidole vyake havikusimama. Alimaliza ganda alilokuwa nalo, akachukua lingine. "Mimi nilikuambia na mdomo," akasema. "Ukangoja mashine."

Akainuka na sinia, akaingia ndani. Kwa siku nyingi baadaye alimpikia, alimfulia, alimtia dawa za macho kwa wakati wake, tone hili na tone lile, na hakuketi naye. Mwalimu hakulalamika. Alikuja kwangu, akakaa, na hakuidharau gemu tena, jambo lililoniumiza kuliko dharau. Nilimpa hedseti mara moja akaishika mapajani kama paka. "Hapana," akasema. "Ile nilitaka kuona, niliona."

Mimi niliingia ligi yangu. Nikawa wa mwisho, kwa sababu wapinzani wa ubavuni kumbe huwasikii kwa injini hata kidogo, wanakuja tu kutoka kwenye giza wanakupiga mlango. Nilipomsimulia alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda. "Unaona nini?" akaniuliza. Nikamwambia, naona mitaro, Mwalimu, naijua mitaro yote ya dunia.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni mvua za juzi. Nilikuwa nimemletea maziwa. Bomba lilikuwa limekazwa lote. Alikuwa haoni mkono wake. Lakini ubao ulikuwa mezani barazani, na binti wa jirani, anayekaribia mtihani wa leseni, alikuwa ameketi mbele yake. Mwalimu alifundisha kwa vidole. Alipapasa raundabauti, akakemea. Akapapasa kivuko, akakemea. Mama Kioko alikuwa kwenye kigoda chake na sinia mapajani. Mvua ilipiga mabati na sote tuliongea kwa sauti ya juu.

Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa shati, akatoa kigari cheupe.

Nilimwangalia Mama Kioko. Kidole gumba chake kilikuwa ndani ya ganda, kimesimama.

Mwalimu alikisukuma hadi kwenye kifuniko cha soda. Akaweka kiberiti ng'ambo ya kona. Akaeleza lori, akaeleza matawi. Binti alikuwa na kaka waliopita kwenye ubao huo, somo analijua, akaona ajionyeshe.

"Alikimbia, Mwalimu!"

Kidole cha Mwalimu kilibaki juu ya paa la kigari. Mvua ikanyesha.

"Sijui," akasema. "Sikuwa kwa kiti chake."

Binti akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Inama," Mwalimu akamwambia. "Usiangalie kutoka juu. Weka shavu kwa ubao. Leta jicho nyuma ya hii gari, upande wa kulia, pale dereva anakaa. Umefika?"

"Nimefika."

"Unaona nini?"

"Naona udongo, Mwalimu. Udongo tu."

"Basi," akasema, "hapo ndipo alikuwa."

Mama Kioko akapasua ganda, mbaazi zikaangukia sinia. Hakuinuka.